Laini ya Nakhumicha

Kibomet, Kitale
Ijumaa, tarehe 23 Agosti

Kwa dada yangu Lenah,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi kutoka hapa Kibomet. Hujambo, na hali ya huko Mabanga ikoje? Natumaini barua hii itakufikia ukiwa umekaa chini, umepumzika, si ukiwa shambani na jembe. Wale kuku ulionunua pale chuo cha kilimo wameanza kutaga? Na Mzee Mukhisa wa lango la pili, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila siku baada ya saa nane, mahindi yamenipita kimo, na dukani tunauza vipuri vya matrekta kwa kusuasua, kwa sababu wakulima wanangoja mavuno ndipo wakumbuke kwamba trekta huharibika.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi na namba yangu unayo. Tangu Jumatano nimekupigia mara tatu. Mara zote tatu nilikuuliza kuhusu mvua, nawe ukanijibu kuhusu mvua, tukaagana. Kuna maneno ambayo siwezi kuyatamka nikisikia unavyopumua upande wa pili. Tena nimetaka uuone mwandiko wangu, huu ulionifundisha wewe mwenyewe, ili usiwe na shaka ni nani anayesema nawe. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini nimelitia hilo maanani.

Kwanza, mwanao Nakhumicha ni mzima. Alifika Jumanne jioni pamoja na wenzake wote. Naanza na hilo ili usiruke kurasa ukilitafuta. Yeye ndiye aliyekuletea bahasha hii, na pengine sasa amesimama pale mlangoni akijifanya kuangalia kuku.

Unakumbuka mwezi wa sita shule ilipochagua wanafunzi wanane kwenda India, kwenye ile shule rafiki ya Chandigarh, wakaonyeshe kifaa chao cha kupima unyevu wa mahindi. Ulikataa. Ulisema mtoto huyu hata Nairobi hajalala, vipi apelekwe ng'ambo. Nikaja Mabanga na mwalimu wake, Madamu Chepkirui, tukakaa kwako kutoka asubuhi hadi saa tisa. Mwishowe nikakuahidi mbele ya mwalimu kwamba habari za mwanao utazipata kila siku ya Mungu. Ulikubali kwa sababu ya neno hilo, si kwa sababu ya kifaa cha mahindi. Nalijua hilo, na ndilo limenikaa rohoni wiki mbili hizi.

Sasa suala la simu. Laini yangu na ya Nakhumicha ziko chini ya mkataba wa duka. Bwana Gurdip mwenye duka hulipa mwisho wa mwezi, kisha ananikata kwenye mshahara. Aliposikia mtoto anasafiri, aliniita kando akanionya. Alisema mtu akiwa nje na laini ya hapa anakatwa hata kwa kupokea simu, na simu hizi za kisasa zinakunywa data zenyewe zikiwa mfukoni, mwenyewe hana habari. Mwanawe Yuvraj alikwenda Uingereza wiki mbili, akatazama mpira kwenye simu akiwa ndani ya treni, na bili iliyokuja ingenunua giaboksi. Gurdip alikuwa anacheka akinisimulia. Mimi sikucheka. Yeye giaboksi anazo rafu nzima, mimi nina mshahara mmoja.

Kununua laini ya huko nako kulihitaji makaratasi, na Madamu Chepkirui alisema wageni husubiri siku kadhaa kabla haijafunguliwa. Basi nikaweka sheria zangu. Simu ikae kwenye hali ya ndegeni mchana kutwa. Atumie waifai ya bweni peke yake, jioni, aniandikie kwenye WhatsApp. Video asitume, picha atume moja moja. Na wewe nilikuambia usimpigie, kwa sababu kupokea kutamkata, ila umwandikie meseji atazisoma. Nilipokuambia hivyo ilikuwa kweli. Laini ilikuwa bado ndani ya simu yake.

Asubuhi ya safari, wewe ulikuwa umekwisha kumuaga kwenye lango la shule na kurudi Mabanga tangu jana yake. Tulikuwa pale shuleni, basi linanguruma, na mimi hofu ikanishika. Je, akisahau? Je, akibonyeza kitu kidogo tu? Nikamwomba simu, nikavua hereni, nikatumia ncha yake kuitoa laini. Akaniuliza mama atampata vipi, maana simu ya mama ni ya vibonyezo, haina WhatsApp. Nikamwambia nitakuwa nakupelekea habari mimi mwenyewe. Alikuwa na neno jingine mdomoni, nililiona, lakini Mwalimu Kiplimo alikuwa anaita majina, akapanda.

Ile laini nikaitia kwenye simu yangu ya zamani ili isipotee, nikawa naiweka kwenye kaunta ya duka.

Najua hapa utaacha kusoma na ujiulize jambo. Nakuomba uendelee, dada. Nitalifikia.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Kila jioni aliniandikia: wamefika, bweni ni safi, chakula kina pilipili, kifaa chao kimesifiwa, mvua ya huko inanyesha kwa fujo kuliko ya Kitale. Nilijivuna sana. Wazazi wenzangu walikuwa wanalalamika bando limekwisha, na mimi nikiwafundisha namna ya kufanya, nimekunja mikono kama mtaalamu.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa tisa mchana, Madamu Chepkirui alinipigia kwa WhatsApp. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kutokimbia. Aliniuliza kama Nakhumicha amewasiliana nami. Nikasema hapana, huyo huandika jioni. Akaniambia waliwapeleka watoto kwenye jengo kubwa la maduka wanunue zawadi, na Nakhumicha aliomba kwenda msalani, hakurudi. Ilikuwa imepita karibu saa moja. Walikuwa wametafuta kila ghorofa. Wakimpigia, simu haipatikani.

Nilimwambia simu haiwezi kupatikana kwa sababu haina laini. Akasema, "Haina laini kabisa? Wenzake wote wanazo." Laini yenyewe ilikuwa mbele yangu, karibu na kisanduku cha boliti.

Gurdip aliona uso wangu akatoka ofisini. Nilipomweleza hakuuliza mambo mengi. Alimpigia mkewe Preeti, ambaye ana kaka huko Chandigarh, na kabla robo saa haijaisha yule kaka alikuwa njiani kwenda polisi na picha ya Nakhumicha niliyomtumia. Gurdip alifunga duka nusu, akasimama mlangoni na simu mbili, anasema Kipunjabi huku na Kiswahili huku. Katikati ya hayo ndipo akaniuliza mbona mtoto hapigi mwenyewe. Nikamwambia nilichofanya.

"Fridah," akasema, "mimi nilikuambia uzime data. Sikukuambia umtoe mtoto laini."

Sijawahi kusemwa kwa upole namna ile nikaumia hivyo.

Nikuambie jinsi ilivyokwenda kwa upande wake, kama alivyonisimulia baadaye. Hakwenda msalani. Aliteremka kutafuta duka la kupigia simu za nje, maana alikuwa na rupia kidogo. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka barabara, akakata kona, mvua ikamwagika. Aliporudi hakuliona tena lile jengo. Huko mitaa imefanana, ina namba badala ya majina, na ramani kwenye simu haifunguki bila mtandao. Akaingia duka la viatu, wakamruhusu atumie waifai yao. Ile waifai ikamwambia aandike namba ya simu, atumiwe namba ya siri ya kufungulia. Akaandika yake. Akangoja. Akajaribu tena, na tena.

Zile namba za siri zilikuja, dada. Zilikuja hapa Kitale. Saa nane na dakika arubaini simu ya zamani ililia kwenye kaunta, nikasoma tarakimu sita na maneno ya Kiingereza kwamba nisimwonyeshe mtu yeyote. Nikasema hawa ni matapeli, nikaifuta. Ikaja ya pili, nikaifuta. Ya tatu nikaifuta huku nalaani. Mwanao alikuwa amesimama katikati ya viatu vya watu, maji yanamtiririka, ananibishia hodi, na mimi namfuta kwa kidole. Hata Madamu Chepkirui alipopiga saa tisa sikuunganisha mambo hayo. Niliyaelewa Jumanne aliponisimulia, na ilibidi nitoke nje kwa muda.

Aliyemsaidia ni mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi kando ya barabara chini ya turubai. Hawakuelewana lugha. Yule mama alimvuta mkono akamkalisha karibu na moto, akampa hindi lililopakwa ndimu na pilipili, akawa anamsimamisha kila anayepita amsomee lile jina la shule lililoshonwa kwenye sweta ya mtoto. Mpita njia wa nne au wa tano, mwanafunzi wa chuo, alijua Kiingereza. Nakhumicha akamtajia shule ya wenyeji wao, yule kijana akatafuta namba, akapiga. Saa kumi na moja u nusu za huku, Madamu Chepkirui aliniandikia neno moja: Amepatikana. Gurdip alikaa chini kwenye gunia la nati akafuta uso wake kwa kitambaa cha mkononi. Mimi nilisahau hata kuandika asante.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakukwepa.

Unajiuliza, kama laini ilikuwa Kitale, ni nani alikuwa anakujibu meseji zako. Ni mimi, Lenah. Zote. Tangu ile ya kwanza uliyouliza, "Mwanangu, mmefika?" Nilishika simu nikitaka kukupigia nikueleze, nikakuona ukisema nimevunja ahadi siku ya kwanza tu. Nikaandika: Tumefika salama mama, chakula kina pilipili lakini nakula. Maneno yalikuwa yake, alikuwa ameniandikia jioni ile ile. Nikajiambia napokezana ujumbe tu, kama mtu anayepeleka barua. Siku ya pili ikawa rahisi kuliko ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa naingoja meseji yako.

Sikujua unaweza kuandika maneno matamu hivyo. Mimi na wewe tunaongea mambo ya mbolea na karo. Kumbe kwake unaandika, "Lala mwanangu, mama anakuwaza hadi chumvi anasahau." Niliyasoma hayo dukani nikahisi kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wenyewe wakiwa wamelala, na bado sikutoka.

Tena kuna baya zaidi. Jumatatu ile, tarehe kumi na mbili, uliandika, "Bado unaliombea lile jambo nililokuambia langoni?" Hapo ningeweza kuacha. Sikujua jambo lenyewe, lilikuwa lenu nyinyi wawili. Lakini nilitaka kujua. Nikaandika: Naliombea mama, limefikia wapi? Hayo hayakuwa maneno yake. Hayo niliyatunga mimi, kwa makusudi, ili useme.

Ukasema. Zilikuja meseji tatu mfululizo. Kwamba ule uvimbe wa kwenye titi umeongezeka. Kwamba Jumatano utakwenda hospitalini Bungoma kuchukua majibu. Kwamba nisiambiwe. Uliandika, nayakumbuka kama yalivyo, "Usimwambie mama yako mdogo, akijua hatalala, ataacha kazi, na karo yako inatoka pale." Nilizisoma nikiwa nampimia mtu mafuta ya injini, nikayamwaga kwenye kaunta.

Ndiyo sababu Nakhumicha aliacha wenzake siku ile, dada. Alijua ni Jumatano. Alijua una majibu. Tangu aondoke alikuwa amelibeba peke yake, na mimi nilikuwa nimemkatia njia pekee ya kukusikia. Duka la simu alilolitafuta kwenye mvua lilikuwa la kukupigia wewe.

Na wewe siku hiyo hiyo, saa kumi na dakika tano, uliandika, "Nimetoka kwa daktari. Wamesema wakate, Jumanne tarehe ishirini na saba. Usilie. Uko wapi sasa hivi?"

Uliniuliza yuko wapi, na sikuwa najua. Hakuna aliyejua. Gurdip alikuwa mlangoni anapaza sauti kwenye simu, na mimi nyuma ya kaunta nikaandika: Niko bwenini mama, niko salama, usiogope. Nimekuwa nikijitetea kwamba kukuambia kweli kungekuwa kukupa habari mbili za kifo kwa wakati mmoja. Labda ni kweli. Lakini nikisema kweli yote, nilikuwa naogopa uso wako zaidi ya nilivyokuwa nakuhurumia. Kama asingepatikana, meseji ile ingebaki kwenye simu yako, uiamini hadi kesho yake.

Sikuzifuta. Jumanne alipoomba laini yake niliitoa kwenye simu ya zamani, nikampa na simu yenyewe, nikamwambia asome. Alisoma amekaa kitandani na sweta yake ya safari bado mwilini. Hakunipigia kelele. Alipofika kwenye ile ya Jumatano alinionyesha kwa kidole akasema, "Saa hii nilikuwa chini ya turubai, Mama Mdogo. Nilikuwa namwomba Mungu mama asijue nimepotea. Kumbe hangejua hata kama ningekufa."

Kisha akasema nikwambie mwenyewe. Akanipa hadi Jumamosi, na kwamba nikishindwa atakuambia yeye. Nimezoea kumwona kama mtoto. Siku hiyo alisema nami kama wewe unavyosema.

Chakula nampikia, anakula. Salamu ananijibu. Lakini jioni anatoka nje kukupigia, anasimama karibu na tangi la maji ambapo siwezi kusikia. Siwezi kumlaumu. Laini yake sasa iko mikononi mwake, na nimemwomba Gurdip aitoe kwenye mkataba wa duka. Ataweka salio lake mwenyewe, apige anapotaka kupiga.

Sikuombi unisamehe leo. Najua una mambo makubwa kuliko mimi wiki hii. Nilitaka uingie kule ndani ukijua ni nani aliyekuambia usiogope, na kwamba aliyekuambia alikuwa anaogopa kuliko wewe. Maneno matamu uliyoyaandika hayakupotea. Mwanao amekwisha kuyasoma yote, na nadhani usiku wa Jumanne aliyasoma zaidi ya mara moja.

Gurdip amenipa ruhusa ya wiki mbili, na mshahara hakuugusa. Alisema Preeti alipitia njia hiyo hiyo miaka sita iliyopita na yuko hai, anamgombeza kila siku. Nitafika Mabanga Jumatatu mchana. Karo usiiwaze, kazi sijaiacha. Kama hutaki nikae karibu na kitanda chako, mwambie Nakhumicha, nitakaa kwenye benchi la nje pamoja na watu wengine wanaongoja. Hilo unaweza kunikatalia. Kurudi Kitale kabla hujatoka chumba cha upasuaji, hilo usiniambie.

Nisalimie Mzee Mukhisa na mkewe, na akina mama wa kanisa wote wanaokuombea bila kujua wanakuombea nini. Mpe mtoto chakula kabla hujaanza kumuuliza maswali, maana atatoka hapa alfajiri bila kula. Nikumbuke kwa wema kama utaweza.

Ni mimi, mdogo wako,
Fridah